Diski bila masta silinda ni kazi nusu

Mhariri,

Sina ugomvi na wanaong'oa breki za dramu za mbele kwenye Land Rover kuukuu na kufunga breki za diski. Kampuni yenyewe ilifanya hivyo ilipotoa modeli ya One Ten mwaka 1983. Yangu ni Series III, modeli ya kabla ya hiyo, yenye dramu, na aliyewahi kuteremka Sachang'wan kuja Salgaa na magunia ya viazi anajua dramu zikishika moto: unakanyaga, gari halina habari. Zikiingia maji ndio basi, mpaka zikauke.

Ninacholalamikia ni kazi nusu. Karakana moja hapa mjini ilinifungia diski na kalipa, yaani kibanio kinachobana pedi kwenye diski, ikaacha masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ileile ya dramu. Masta silinda nyingi za dramu zina vali ndogo inayobakiza presha kwenye paipu. Kwenye diski, presha hiyo hubana pedi muda wote. Nilipofika Njoro rimu za mbele hazishikiki kwa joto, harufu ya pedi imejaa ndani. Kurudi, fundi ananiambia, "Mzee, zitazoea." Zizoee nini? Tena kalipa hutaka mafuta mengi zaidi ya breki. Masta silinda ikiwa ndogo, pedali inazama. Busta nayo, kifaa cha kuuongezea mguu nguvu kwenye breki, mafundi hata hawaizungumzii.

Mwenye gari aulize hayo kabla ya kutoa deposti, na apimiwe rimu pia, maana za inchi 15 mara nyingi hugusa kalipa. Nasi wateja tukatae kuchukua gari ambalo fundi hajalijaribu mteremkoni, mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Mkulima mwenye Land Rover,
Nakuru