Wastani wa mkoa haumhesabu mtoto aliyebaki dunguni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalopita mikononi mwangu kila mwaka. Nina steshenari ndogo hapa Mbagala Rangi Tatu, karibu na yanapopakilia magari ya Kusini. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, siku mbili tatu sifungi mapema. Mzazi anakuja na jina la shule, mimi nafungua tovuti ya Baraza la Mitihani, natafuta mkoa, halmashauri, shule, kisha namtolea karatasi yake. Juu imeandikwa waliofanya mtihani ni wangapi na wastani wa shule ni alama ngapi kati ya 300. Chini zinafuata namba za watahiniwa na madaraja yao, A mpaka E.

Matokeo ya 2025 yalipotoka nilijichapia karatasi mbili za kwangu mwenyewe. Moja ya shule ya hapa Temeke alikomalizia binti yangu wa mwisho, ya pili ya shule niliyosoma mimi, kijijini kwetu bonde la Rufiji. Shule ya kijijini walifanya mtihani watoto 22, wakafaulu 15. Nikipiga hesabu ni asilimia 68. Sikuona kama ni aibu. Lakini wiki chache baadaye kaka yangu, ambaye ni mjumbe wa kamati ya shule, alinipigia simu na kuniambia kwamba kwenye kikao cha tathmini mwalimu mkuu wetu alisimamishwa mbele ya wenzake aeleze kwa nini shule yake iko chini ya wastani wa mkoa. Mtu mzima, ana mvi, amefundisha miaka yote hiyo, anasimama kama mwanafunzi aliyechelewa namba.

Iliniuma. Januari shule zilipofunguliwa nikafunga duka siku tatu, nikabeba rimu nne za karatasi, nikapanda gari la asubuhi. Kutoka barabara ya lami mpaka kwetu ni bodaboda ya saa moja na nusu, na hiyo ni kiangazi. Masika hata bodaboda wanakataa.

Mwalimu mkuu hakunilalamikia. Alifungua kabati, akatoa rejista ya darasa la kwanza ya mwaka 2019, maana waliofanya mtihani 2025 waliingia shule mwaka huo. Jalada limeliwa na mchwa pembeni. Majina yako kwa kalamu ya bluu, na walioondoka wamepigwa mstari mwekundu. Tulihesabu wawili, yeye anasoma, mimi nachora vistari kwa chaki juu ya meza. Walioandikishwa 47. Waliofika kwenye chumba cha mtihani 22. Kati ya wale 25, wanane walihama na wazazi wao, watano walikariri baada ya upimaji wa darasa la nne. Waliobaki 12 mbele ya majina yao kuna neno moja tu: mtoro.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ya watoto ambao shule ile ilipaswa kuwafikisha mwisho ni 34, si 22. Na 15 katika 34 ni asilimia 44. Pengo kati ya kijijini kwetu na mkoa huenda ni kubwa kuliko lile walilomsimamishia mwalimu. Ila halikai pale wanapolionyesha. Linaanza mtoto anapoacha shule, na mtoto huyo akishaacha, hakuna karatasi ninayoweza kumtolea mtu yeyote hapa dukani ikaonyesha kwamba aliwahi kuwepo.

Nieleze utoro wa kwetu, maana hapa mjini mtu akisikia mtoro anafikiria mtoto aliyejificha kwenye kibanda cha michezo ya video. Kwetu mpunga ukianza kutoa, familia zinahamia bondeni. Wanaishi juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti ili maji yasiwafikie, na kazi ya watoto ni kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Nimekaa huko mwenyewe nikiwa mdogo, na kopo la mawe mkononi, sauti imekauka kwa kupiga kelele. Ukilala kidogo mchana, njaa ya mwaka mzima imeingia shambani. Mzazi anayemkalisha mtoto dunguni si kwamba haipendi shule.

Sasa sikiliza, Mhariri, kisa cha mtahiniwa mmoja kati ya wale 22. Mwaka 2024 alikuwa darasa la sita, akapotea wiki saba. Mwalimu mkuu akachukua baiskeli, akavuka kwa mtumbwi, akamkuta dunguni na bibi yake, wawili tu. Alipomwomba amrudishe mtoto, bibi akamjibu, "Mwalimu wangu, ndege hawajui Jumatatu wala Ijumaa." Wakajadiliana mpaka giza likaingia. Mwisho wakakubaliana mtoto alale kwa mwalimu siku za shule, Ijumaa jioni arudi kwa bibi, na jirani wa dungu la pili aamie pande zote mbili katikati ya wiki. Mke wa mwalimu akampikia mtoto huyo hadi mavuno. Alikuwa hawezi kusoma habari ya aya tatu bila kukwama. Septemba 2025 alifanya mtihani, akapata D, ambayo haihesabiwi kuwa ufaulu.

Mwalimu aliniambia kwa upole sana, huku akifunga rejista, "Dada yangu, ningemwacha kule ningekuwa na 15 kati ya 21. Asilimia 71."

Maneno hayo sijayasahau mpaka leo. Kwenye shule yenye watahiniwa 22, mtoto mmoja anabeba zaidi ya asilimia 4. Akipata homa siku ya mtihani, shule "imeshuka". Shule ya binti yangu yenye watahiniwa zaidi ya 200, mtoto mmoja haonekani. Na kibaya zaidi, namna tunavyopima inamwambia mwalimu wa kijijini kwamba ukimfuata mtoro umejiharibia. Mwalimu mvivu anayekaa kivulini akiacha madarasa yajipunguze yenyewe, huyo atapongezwa.

Halafu huo wastani wa mkoa wenyewe umetengenezwa na nani? Mkoa wetu wa Pwani una halmashauri 9. Ndani yake kuna Kibaha na Bagamoyo, kuna shule binafsi za bweni zinazofundisha kwa Kiingereza na kuwafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea. Wote wanaingizwa kwenye chungu kimoja, kinakorogwa, kisha mwalimu wa shule ya serikali yenye walimu watano kwa madarasa saba na awali anaulizwa kwa nini hajafika hapo. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, likasema jambo hilo halina tija. Huku chini kwenye vikao bado tunapanga, na tunapanga kwa nguvu.

Kuna hesabu nyingine ambayo mimi kama mtu wa karatasi ninaijua vizuri. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na inayofika kwenye akaunti ya shule ni 6,000, iliyobaki ni ya vitabu. Shule ya kwetu ina watoto 190, hiyo ni kama 95,000 kwa mwezi. Chaki humo humo, ukarabati humo humo, mitihani humo humo. Shule ya binti yangu ina watoto wapatao 2,000, hiyo ni milioni moja kwa mwezi. Sasa mwalimu akija kwangu kutaipu jaribio, simtozi kwa idadi ya watoto. Natoza kurasa. Masomo sita, kurasa nne kila somo, ni 24,000 kabla sijatoa nakala hata moja. Kwa shule ya Temeke ni hela ya kawaida, tena wazazi tulikubaliana kuchangia 500 kila Ijumaa. Kwa shule ya kwetu ni robo ya fedha za mwezi mzima, kwa darasa moja. Ndiyo maana watoto wale wanaandikiwa maswali ubaoni, na siku ya mtihani wa taifa ndiyo wanashika karatasi iliyochapwa kwa mara ya kwanza au ya pili tangu mwaka uanze. Ruzuku inayogawiwa kwa vichwa peke yake inaibana shule ndogo, na shule ndogo ziko vijijini. Ningeomba kila shule ipewe kiasi cha chini kisichopungua, hata kama ina watoto 50, kisha ndipo vichwa vihesabiwe.

Ombi langu la pili ni kwenu wenye magazeti. Mnapochapisha jedwali la ufaulu wa halmashauri na mikoa, ongezeni safu moja tu: darasa hili lilipoanza, waliandikishwa wangapi. Takwimu za uandikishaji zipo serikalini, shule hupeleka kila mwaka. Na fanyeni haraka, kwa sababu mwaka 2027 darasa la sita wa mtaala mpya na la saba wa mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na hesabu zikichanganyika hapo, waliopotea njiani hatutawapata tena.

Yule kijana wa D yuko kijijini. Hunitumia ujumbe wa simu, ameandika mwenyewe, kuniuliza bei ya ufuta huku mjini.

Mwalimu mkuu alikubali ninakili hesabu ya ile rejista, bila jina la mtoto yeyote. Mkiitaka nitaileta ofisini kwenu.

Mwenye steshenari,
Mbagala Rangi Tatu,
Dar es Salaam