Risala ya Umoja wa Askari Wanaosoma kwa Masafa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kikosi, familia zetu na wageni waalikwa,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha kambini kwetu, na tunashukuru kwamba umeacha majukumu mengi ili uwe nasi.

Umoja wetu ulianza na askari watano waliokuwa wakiazimana vitabu bwenini. Njia ilikwisha kufunguliwa na sheria ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho tangu mwaka 1994 kinamwezesha mtu kusomea shahada bila kuacha kituo chake cha kazi. Leo wenzetu wanne ni wahitimu, mafanikio yaliyokiletea kikosi hiki sifa isiyo kifani. Mmoja wao alisoma moduli zake akiwa katika ulinzi wa amani nchini Kongo, akarejea akiwa amebakiza mitihani miwili tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, elimu ya masafa inamfaa askari kwa kuwa humfuata alipo: anachosoma usiku fundi wa mawasiliano hukitumia kazini kesho yake, na lindo halibaki na pengo. Hata hivyo, pasipo intaneti elimu hiyo haifiki. Hapa kambini mtandao hushika chini ya tangi la maji pekee. Mwezi uliopita mwenzetu aliyetoka lindo saa nane usiku alisimama hapo mvuani, simu ameifunika kwa kofia, akituma zoezi ambalo mwisho wake ulikuwa alfajiri ile. Bando likaisha kabla halijafika, na alama akazikosa.

Kwa unyenyekevu tunakumbusha kwamba mgeni rasmi wa miaka mitatu iliyopita, akiwa katika kiti hicho hicho, alituahidi chumba cha kusomea chenye kompyuta kumi na intaneti, nasi wiki ile ile tukachimba msingi kwa mikono yetu. Aliyemfuata aliirudia ahadi hiyo, naye tukampigia makofi. Msingi ungali nyuma ya bwalo, majani yamefika magotini, na tutafarijika sana ukipita kuutazama kabla ya chakula.

Tunaomba saruji, mabati, kompyuta hizo kumi na intaneti ya kudumu. Ujenzi tutaufanya wenyewe baada ya saa za kazi. Tunakuomba pia, kwa heshima zote, ututajie leo hii tarehe ambayo vifaa vitafika, kwa sababu wenzetu saba wanajiandaa kwa mitihani ya mwisho na bado wanasomea chini ya tangi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.