Si kila mvinyo mwekundu unafaa kuwekwa miaka mingi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge dhana iliyozoeleka kwamba kila mvinyo mwekundu huwa bora kadiri unavyowekwa. Mvinyo mwingi hutengenezwa ili unywewe mapema, na chupa yake ikisahauliwa kabatini huharibika tu. Unaostahimili miaka mingi ni mchache, na mfano ninaouenzi ni Barolo, unaotoka katika vilima vya Langhe, mkoani Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia.

Barolo hutengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo pekee, ambazo huchelewa kuiva na aghalabu huvunwa Oktoba, ukungu ukiwa umetanda mabondeni. Ukiumimina ungali mchanga, rangi yake ni hafifu kiasi cha kumpotosha mgeni, lakini ukakasi wake hukausha ulimi na ufizi kama bibo. Ukakasi huo, pamoja na ugwadu wake, ndio unaoulinda hadi harufu za waridi na lami zikomae. Sheria inautaka ukae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ikiwa ndani ya mapipa ya mbao, na ule wa Riserva, yaani daraja linalokomazwa zaidi, miezi 62. Udongo nao una neno lake, kwani katika vijiji vya huko, mvinyo wa Serralunga d'Alba kwa kawaida huwa mkakamavu kuliko ule wa La Morra.

Nawasihi wauzaji wetu wawaeleze wateja mwaka wa mavuno na wakati unaofaa kufungua chupa, badala ya kutaja bei peke yake.

Msomaji wenu,
Arusha