Malalamiko: stata ya Beetle yangu, na maneno niliyoambiwa kaunta

Ndugu Meneja,

YAH: STATA ILIYOFUFULIWA KWA JINA TU, NA DHARAU YA MSIMAMIZI WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

"Mama, kamlete mzee. Haya mambo ya stata tuongee na mwanaume." Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na msimamizi wenu Jumanne iliyopita, mbele ya wateja wengine, baada ya kusimamishwa dakika 40. Sikuja kuomba. Nilikuja na risiti yenu ya shilingi 280,000 na dhamana ya miezi 3, ambayo masharti yake mnayajua kuliko mimi.

Siku naleta gari nilimweleza fundi wenu taratibu kabisa. Kwenye Beetle ya 1972, ncha ya shafti ya amecha, kile kiini kinachozunguka ndani ya stata, haishikwi na stata yenyewe. Inaingia kwenye bushi, kijipete cha kushikilia shafti, iliyopachikwa kwenye nyumba ya giaboksi. Bushi ikilika, amecha inainama na kusugua vyuma vya ndani, stata inakula betri na kuzunguka kwa kujivuta, na injini ikiwa ya moto ndiyo kabisa. Fufua stata mara kumi, bushi ikibaki ile ile umefanya kazi bure. Tena sikuishia kusema. Bushi mpya niliinunua mwenyewe, nikailaza kwenye oili usiku kucha kama inavyotakiwa, nikaifunga kwenye karatasi na kumkabidhi mkononi.

Niliikuta kwenye kisanduku cha dashibodi. Bado imefungwa kwenye karatasi yake, na doa la oili limekauka.

Hapo nilikuwa nimeshaaibika kivukoni, siku ya nne tangu mnikabidhi gari. Pantoni limefika Kigamboni, wenzangu wanawasha, stata yangu ikaguna mara moja ikanyamaza. Vijana walinisukuma hadi nchi kavu ndipo likawaka, honi zote nyuma yangu.

Nilipoishusha stata na kuifungua (kazi hiyo nilifundishwa na baba nikiwa darasa la tano), amecha ilikuwa imechubuka upande mmoja, inang'aa kama sarafu. Kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye amecha, mliweka mpya, hilo nakiri. Lakini kile kichwa cha shaba zinakosugua kaboni hakikukerezwa. Mifereji ya zamani ipo, kucha inakwama ukipitisha kidole. Kaboni mpya juu ya shaba ya namna hiyo haikai sawa, inapiga cheche na kuisha mapema. Risiti imeandikwa "imefufuliwa upya". Mlifufua nini?

Ndugu Meneja, narudia ya Jumanne kwa sababu kila nikiyakumbuka usingizi unanipaa. Niliweka stata kaunta, bushi pembeni yake pamoja na karatasi. Yule kijana, umri wa mwanangu wa mwisho, hakuniamkia. Hakuitazama bushi. Aliisukuma stata kwa mgongo wa mkono mpaka ikagonga kikombe chake cha chai, akamgeukia mwenzake wakacheka, ndipo akasema: "Mama, kamlete mzee." Nikamwambia gari ni langu. Akapandisha sauti: "Kwani mwanaume nyumbani hayupo?" Watu wakageuka kunitazama. Mwanaume aliyekuwa na gari hilo ni baba yangu. Alifariki 2011, na kadi ya gari ina jina langu.

Nilipoanza barua hii nilitaka tu bushi ibadilishwe na shaba ikerezwe bila malipo. Sasa hapana. Fundi wenu asiliguse tena gari langu. Nataka shilingi 280,000 zangu zote. Nataka amecha ya Bosch badala ya hii mliyoiacha ichubuke, kwa sababu stata hii ya Bosch ndiyo iliyokuja na gari. Nataka radhi ya maandishi yenye sahihi yako wewe, na kijana huyo aniombe radhi pale pale kaunta, wateja wakisikia.

Nawapa siku 7. Siku ya 8 nakala ya barua hii itakuwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, na nikitoka hapo naenda mahakamani kudai na fidia. Bushi na karatasi yake nimevitunza. Ni kielelezo changu cha kwanza.

Mwenye gari