Barua ya wazi kwa mpwa wangu: Kamba mnazookota Raskazone

Mpwa wangu,

Picha zenu za kusafisha ufukwe wa Raskazone, hapa Tanga, nimeziona zote, za fulana za buluu na za magunia yaliyopangwa mbele ya bango la mdhamini wenu, ile kampuni ya soda. Kazi mmefanya, na atakayesema hamkufanya kitu huyo ana lake jambo. Ila chini ya picha moja umeandika kwamba wavuvi wetu wanahitaji elimu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mlichookota ni vipande vya kamba na nyavu. Maneno hayo uliyatoa hadharani na walioyapenda ni wengi, basi nami nakujibu hadharani.

Zile kamba za buluu na kijani mlizozijaza magunia nazijua zilikotoka. Sikusomea mambo ya bahari. Nimekulia Tanga tu, na mtoto wa Tanga hakui bila kusikia habari za kamba.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1888 watu wa Pangani na miji mingine ya mwambao waliinuka pamoja na Abushiri kuwapinga Wajerumani. Desemba 1889 Abushiri akanyongwa palepale Pangani. Haikupita miaka mingi, 1893, Dkt. Richard Hindorf akaingiza miche ya mkonge iliyotoka Florida kwa kupitia Hamburg. Inasimuliwa kwamba aliagiza miche 1,000 na iliyofika hai ni 62. Hiyo 62 ndiyo inayohesabiwa kuwa mama wa mashamba yote uliyoyaona dirishani mwa basi tangu utoto wako, Korogwe, Muheza, Ngomeni mpaka Pangani. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka bandari ya Tanga kwenda bara, na 1895 serikali ya Kijerumani ikatangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni yake. Isiyo na mwenyewe machoni pa nani, tangazo halikusema.

Mkonge hauliwi, hilo unalijua. Waliouhitaji walikuwa mbali: wakulima wa ngano wa Ulaya na Marekani, ambao mashine zao zilifunga miganda kwa uzi wa katani, na wenye meli. Kwa ajili yao wakaletwa manamba kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakafanya kazi kwa kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kibarua. Vita vya pili vilipopamba moto na Wajapani wakachukua Ufilipino na Java mwaka 1942, Mwingereza akakosa kamba za huko, akaikumbuka Tanganyika. Watu wakachukuliwa kwa nguvu ya sheria na kupelekwa mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kutafuta vibarua, SILABU, na wazee wa huku hadi leo hulitaja jina hilo kama mtu anavyotaja jina la ugonjwa.

Sasa nije kwenye maji, maana ndiyo yenu. Jani la mkonge likiingia kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, linapondwa na kukwanguliwa mpaka zibaki singa, yaani nyuzi zake, huku maji yakimwagwa kwa wingi. Katika kilo 100 za majani unapata kilo 4 hivi za singa kavu. Nyama yote ya jani iliyobaki, na ule ute wa kijani unaowasha ukikugusa, hutoka na maji kwenda mtaroni na kutoka mtaroni kwenda mtoni. Ukianza kuoza unamaliza hewa ya majini, samaki wanaelea. Mto Pangani, Sigi, Mkulumuzi, yote inapita kwenye nchi ya mkonge na yote inamalizikia baharini. Hayo yalikuwapo kabla ya mfuko wa kwanza wa plastiki kuonekana Tanga. Hakuna aliyefika na fulana wala bango, kwa sababu uchafu ule ulikuwa unaitwa uchumi.

Lakini usije ukaupeleka mzigo wote kwa Mjerumani na Mwingereza, maana nakujua, ukipata hoja huiachi mpaka uichoshe. Mashamba makubwa yalitaifishwa 1967, na korona zikaendelea kumwaga mtoni chini ya bendera yetu wenyewe. Kiwanda cha mbolea kilichowekwa Tanga miaka ya mwanzo ya 1970 nacho kilielekeza maji machafu yake baharini, na wakati huo mkoloni alikuwa ameshaondoka. Tulirithi mitambo, na mtaro wake tukauacha ulipo. Ilichukua mpaka miaka ya 2000 ikielekea ukingoni ndipo pale Hale ukajengwa mtambo wa kuyageuza mabaki ya mkonge kuwa biogesi na umeme. Kumbe ilikuwa inawezekana.

Turudi kwenye kamba yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Wakati sisi tunashangilia Uhuru, huko Ulaya na Marekani polipropilini, plastiki ya kamba kama hizo zenu, ilikuwa imeshaanza kuuzwa, tangu 1957. Inatengenezwa kwa gesi inayopatikana katika kusafisha mafuta ya petroli. Ni nyepesi, hainywi maji, inaelea, haiozi, na ilikuwa rahisi kwa bei kwa sababu viwanda vya mafuta vilikuwa na malighafi hiyo tele. Wanunuzi wakahamia huko. Mwalimu alikuwa akitoa mfano wa trekta: trekta ni lilelile, lakini tani za mkonge za kulinunulia zinazidi mwaka hadi mwaka. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa kama tani 20,000 tu. Mashamba yakawa mapori, korona zikauzwa chuma chakavu.

Babu yako, baba yetu mimi na mama yako, alikuwa fundi wa korona. Wewe ulimkuta anauza mkaa, ukadhani ndiyo kazi yake ya siku zote. Kamba iliyomtoa kazini ndiyo hiyo uliyopiga nayo picha ukiwa umeishika kwa ncha za vidole.

Na mvuvi je? Zamani nyavu zilikuwa za pamba. Zilichemshwa kwa magome ya mikoko ili zisioze haraka, zikaanikwa, zikashonwa, kesho tena. Kamba zilikuwa za makumbi ya nazi, yaliyofukiwa na wanawake matopeni kwa miezi, yakafukuliwa yananuka, yakatwangwa, yakasokotwa. Nailoni ilipofika hakuna aliyeshikiwa bunduki aichukue. Ilikuwa bora, na mimi sitamwambia mtu yeyote arudi kufukia makumbi. Lakini pia hakuna aliyemweleza mvuvi kwamba wavu huo ukinasa mwambani na kukatika utaendelea kuvua peke yake miaka na miaka, au kwamba kamba ikipigwa na jua inakauka na kumeguka vipande visivyoonekana ambavyo samaki anavimeza. Hakupewa pa kuirudisha ikichakaa. Akienda dukani leo akaulize kamba isiyo ya plastiki, muuza duka atamwangalia usoni kujua kama anatania.

Basi hiyo elimu unayotaka apewe, akishaipata atanunua nini?

Wavuvi wenye makosa wapo, na mimi siwapambi. Wapo waliovua kwa baruti hapahapa wakavunja matumbawe, wapo wa makokoro, nyavu za kukokota. Nakwambia tu ukubwa wa kosa la kila mmoja. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu lile eneo la taka linaloelea kaskazini mwa Pasifiki ulikuta karibu nusu ya uzito wake ni nyavu, na uchunguzi wa baadaye ukaelekeza kwenye uvuvi wa mataifa machache ya viwanda. Sijaona picha ya mtu akiwaendea wenye meli hizo na kuwaambia wanahitaji elimu.

Vukeni pia mwende Paje na Jambiani mkaone mwani. Kilimo chake kilishika Unguja tangu 1989: wanawake wanafunga mbegu kwa taitai, vikamba vyembamba vya plastiki, kwenye kamba za plastiki, wanavuna, wanaanika, na mwani mkavu unasafirishwa kwenda nje kutengenezewa vitu vya kugandisha vyakula na dawa za meno. Taitai zikikatika zinabaki baharini, na mwanamke aliyezifunga ndiye ataonekana mchafuzi. Zao lisiloliwa na mkulima, linaloondoka likiwa ghafi, bei ikipangwa na mnunuzi. Unaona nilivyokwambia tuanzie mbali?

Halafu kuna Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na linaishia hapo kwetu, kaskazini mwa mji. Mafuta ya Ziwa Albert ni mazito, yanaganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima mpaka pwani. Asilimia 62 ni ya TotalEnergies ya Ufaransa, 8 ni ya CNOOC ya China, na mashirika ya serikali za Uganda na Tanzania yana 15 kila moja. Vijana wa Uganda wamekamatwa mara nyingi kwa kuandamana kulipinga. Mashirika ya kiraia ya ukanda wetu yalifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2020, na 2023 ikatupwa kwa hoja kwamba yalichelewa kuifungua. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kulikosoa bomba hilo, viongozi wa Uganda walijibu kwa hasira kwamba huo ni ukoloni mamboleo.

Hapo mimi huwa nacheka kwa uchungu, maana kila upande umeshika neno ukoloni na kila upande una kipande cha ukweli. Ni kweli Ulaya iliyotajirika kwa mafuta haina haya kutufundisha sisi kujizuia. Ni kweli pia kwamba mwenye hisa nyingi ni kampuni ya hukohuko Ulaya, na kwamba mafuta yakimwagika hayatafika Paris, yatafika kwenye mikoko yetu. Mtu wa Chongoleani aliyepewa fidia ya mnazi wake haulizwi na upande wowote.

Unaniuliza basi mfanye nini. Kwanza, muwe na habari za mambo yanayozungumzwa juu yenu. Machi 2022, Nairobi, mataifa yalikubaliana kuandaa mkataba wa dunia wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Rwanda, pamoja na Peru, ndiyo iliyosukuma pendekezo lile, na ndiyo Rwanda iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka 11 kabla ya sisi wa Bara. Zanzibar walikuwa wametangulia 2006. Ila mazungumzo yalikwama Busan mwishoni mwa 2024, yakakwama tena Geneva Agosti 2025. Mzozo mkubwa ni huu: nchi nyingi zinataka plastiki inayotengenezwa ipunguzwe tangu kiwandani, na nchi zenye mafuta zinataka tuzungumzie taka tu. Ukisema tatizo ni mvuvi asiye na elimu, mpwa wangu, umeshachagua upande bila kujua, na mdhamini wako anapiga makofi.

Lamu walipotaka kusema jambo hili walilisema kwa kazi ya mikono. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, tani 10, wakalipamba kwa vipande vya ndala vya kila rangi, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Mimi sikupenda sana rangi zake, macho yangu ya kizee, lakini lilipopita kila mji watu waliuliza maswali ya viwanda na sheria, na waliopewa kipaza sauti ni mafundi na mabaharia wenyewe.

Kwa hiyo nakuomba haya. Mkija tena, msianzie Raskazone mbele ya hoteli. Nendeni Kigombe, mkae na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukweni, muwaulize kamba na nyavu zilizochakaa wanazitupa wapi na kwa nini, na nani angekuwa tayari kuzipokea kwa uzito. Wauzaji wa nyavu Tanga mjini mnawajua, waingizaji wa Dar es Salaam wanajulikana pia. Waulizwe na wao kama watapokea nyavu kuukuu wanapouza mpya. Mkimaliza muende halmashauri mkiwa na wavuvi hao, siyo na picha zao.

Na zile chupa msizitie gunia moja. Zitenganisheni kwa jina la kampuni iliyozijaza, mzihesabu, muandike. Vikundi vya nchi nyingi hufanya hivyo kila mwaka na makampuni hayapendi hata kidogo. Hesabu ya mdhamini wenu iwekeni kwenye karatasi yake peke yake, mumpelekee ofisini kabla hajawalipia fulana za mwakani. Akikataa kuwadhamini, nauli ya kuja Tanga nitatoa mimi.

Msalimie mama yako, mwambie dawa yake ya mafuta ya nazi ipo tayari.

Mjomba wako,
Tanga