Mutua, usilipe kwanza

Houston, Jumapili usiku

Ndugu yangu Mutua,

Salamu nyingi. Sisi wazima, watoto wamefungua shule, joto ni lile lile. Najua nimenyamaza mno, na Achieng' ameshanifikishia malalamiko yako yote, hata yale ya pilau. Hayo tutayamaliza tukionana. Kilichoniamsha ni ile picha ya bunduki ya upepo, ile inayosukuma risasi kwa hewa iliyobanwa, unayotaka kununua. Bado hujalipa, sivyo?

Kaliba ya .50, yaani tundu la mtutu lenye upana wa nusu inchi! Unakwenda kuwinda nguruwe mwitu au kubomoa ukuta? Nguvu inayo, sibishi. Lakini bunduki kubwa za upepo hunywa hewa vibaya: unapiga risasi chache tu, presha inashuka, na zinazofuata zinaangukia chini ya ulipolenga. Hewa nyingine utaitoa wapi huko porini? Muuzaji hilo hakukuambia, nina hakika. Zinajazwa hewa hadi psi 3000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), nyingine 4500, kwa hiyo kompresa ya kujazia tairi usiiwaze. Pampu ya mkono ipo, muulize Otieno habari za kiuno chake.

Ningekuwa wewe ningechukua .45, pesa zinazobaki nikanunue mtungi wa nyuzi za kaboni wa kubebea hewa iliyobanwa. Kampuni ya AirForce wanatengeneza bunduki yao iitwayo Texan hapo Fort Worth, na ya .45 wanasema nguvu ya risasi yake inapita futi-paundi 500 (kipimo cha nguvu ya risasi). Sheria ya Texas kwa kulungu inataka kaliba isiyopungua .30, na risasi ya uzito wa greni 150, kama gramu 10 hivi, iendayo futi 800 kwa sekunde, au nguvu ya futi-paundi 215. Umeona? Umeshavuka mara mbili, .50 ya nini? Nguruwe mwitu hata leseni ya uwindaji hawaidai tangu 2019, mradi uwe kwenye shamba la mtu kwa ruhusa yake.

Ila nguruwe mwenyewe ndiye mwenye masharti. Dume kubwa lina ngao mabegani, ngozi nene ngumu kama soli ya buti. Na risasi ya upepo ni ya polepole, haiui kwa mshtuko kama ya baruti, inatoboa tu. Sasa itoboe pafaapo: moyo uko chini, usawa wa kiwiko cha mguu wa mbele. Usogee hadi yadi 50 hivi. Wewe Mkamba, kunyemelea hukufundishwa? Au ndiyo yale ya sisi tuliozaliwa Kenya baada ya uwindaji kupigwa marufuku 1977, wanyama tunawajua kwenye noti tu!

Halafu usiniambie ni teknolojia mpya. Lewis na Clark, wale wapelelezi wa Marekani, walikwenda magharibi mwaka 1804 wakiwa na bunduki ya upepo.

Narudi kwenye mtungi, maana nakujua. Kila miaka 5 upeleke ukapimwe. Na oksijeni ya hospitali au ya welda usiitie kabisa, hata ukipewa bure: ikikutana na grisi kwa presha ile, inalipuka mikononi mwako. 

Sasa nijibu. Shamba ni la nani, na ruhusa unayo kwa maandishi? Umeshawahi kulenga shabaha kwa yadi 50, au ni video tu? Nyama mtaigawaje, na paja langu je? Unaweza kuningoja hadi mwisho wa mwezi twende dukani pamoja? Na Mwende, bei ameambiwa?

Wako,
Wekesa