Risala ya klabu ya uzungumzaji ya Manyatta, Kisumu, kwa mgeni wa heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, chifu wetu, wazee wa mtaa, wazazi na wanachama wenzangu, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja Manyatta alasiri hii. Karibu, hapa ni kwako.

Klabu yetu ilianza na vijana wachache chini ya mwembe. Tulifuata mtindo wa Toastmasters, vilabu vya kujifunza kuhutubia alivyoasisi Ralph Smedley kule Marekani mwaka 1924: mwenye hotuba hupewa dakika 5 hadi 7, mtunza saa huinua kadi ya kijani, ya manjano, kisha nyekundu muda ukiisha, na mwenzako husimama kukueleza ulipofaulu na ulipoteleza.

Matunda yake yameenea Kisumu nzima. Washereheshaji wa harusi wametoka hapa, na viongozi wa vyama vya akiba pia. Mama mmoja, muuza omena wa soko la Kibuye, siku yake ya kwanza alisimama akizungusha ncha ya leso kidoleni mpaka kadi nyekundu ikainuliwa. Hakutamka neno. Mwaka jana, barazani, aliuliza kwa nini mtaro uliotengewa fedha haujachimbwa. Alitaja kiasi chenyewe, akanyamaza kungoja jibu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 10, inataja ushirikishaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Bila watu kama mama huyu, maneno hayo yatabaki kitabuni.

Mheshimiwa, haja yetu leo ni paa.

Kuta hizo nyuma yako tumezijenga wenyewe kwa mchango wa shilingi 50 kila Jumamosi. Zilifika linta, juu ya milango na madirisha, zikakomea hapo. Misimu minne ya mvua imezipiga. Kona ya mashariki, ukipitisha kidole kwenye tofali, udongo unabaki ukuchani. Wingu likijikusanya upande wa Nandi tunakunja viti, na aliyekesha akiandaa hotuba anarudi nayo nyumbani.

Wageni wawili waliokutangulia walituahidi mabati, wakiwa wamesimama hapo ulipo. Wa kwanza alisema yangefika kabla ya Krismasi. Wa pili alituma mtu na kamba, akapima, tukapigwa picha. Tunawashukuru kwa kuja. Barua zetu tatu hazijajibiwa. Hatusemi kwa kinyongo, Mheshimiwa, lakini vijana hawa tunawafundisha kwamba neno lililotamkwa mbele ya watu ni deni, nao wanatuuliza mbona mabati hayaji. Sisi wa kamati tumekosa la kuwajibu.

Tunaomba mabati 20 ya mita 3, geji 30, pamoja na kofia za paa, mbao na misumari. Fundi ni mwanachama wetu, naye hatatoza hata senti. Hatuombi fedha mkononi. Vifaa viletwe hapa na vihesabiwe mbele ya chifu.

Tulikuwa na maombi mengine, ya viti na kipaza sauti. Tumeyaacha kwa makusudi ili hili moja lisipotee katikati yake.

Utakaposimama kuzungumza nasi, tunakuomba kwa unyenyekevu ututajie tarehe. Kitabu cha kumbukumbu kiko mezani, nasi tutaiandika ukiwa bado pamoja nasi.

Ni sisi wako,
Kamati na wanachama wa klabu.